Bega la Karani

Kufikia Alhamisi ya nne, Dhahabu alikuwa ameshaacha kujidanganya kwamba hahesabu.

Alhamisi ya kwanza karani wa Mfuko wa Tiba alikaa kwa muda wa kuchemsha sindano mara moja, akaenda zake. Ya pili alikaa muda wa wagonjwa wawili. Ya tatu aliletewa chai, akaketi akainywa yote, akacheka. Dhahabu alikuwa nyuma ya pazia akimfuta mgonjwa mgongo kwa spiriti, na kicheko kile alikisikia tangu mwanzo wake hadi mwisho wake. Mbwana naye alicheka. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Mbwana hakuwa mtu wa kucheka na watu wa ofisini.

Leo karani alikuja amevaa gauni la kijani lenye shingo pana.

"Huyo aja," alisema Mwanatatu, aliyekuwa ameketi mlangoni na ungo wa mchele mapajani. "Na leo bega moja li nje. La pili litafuata Alhamisi ijayo, inshallah."

"Wifi, nyamaza."

"Nimesema nini? Nimesema bega."

Mwanatatu alikuwa dada mkubwa wa Mbwana, mjane, na pale alikuwa na kazi mbili: kupokea wagonjwa, na kuhakikisha kwamba ndugu yake na mchumba wake hawabaki peke yao chumbani. Kazi ya pili aliifanya kwa bidii zaidi kuliko ya kwanza.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele katika nyumba ya mabati huko Changamwe, kando ya njia iteremkayo Kipevu. Pazia la kitambaa cha marekani lilikikata katikati. Upande wa barabarani Mbwana alitibu wanaume. Upande wa ndani Dhahabu alitibu wanawake. Dawa ya pande zote mbili ilikuwa moja: sindano nyembamba kama unywele, zisizo na kitu ndani, zinazochomwa mahali maalumu mwilini na kuachwa hapo kwa muda. Mbwana alijifunza kazi hiyo Singapuri. Alikuwa mchochea makaa melini, akaanguka na kuumia kiuno, meli ikamwacha. Mzee mmoja wa Kichina akamtibu miezi saba, na alipoona mgonjwa hana cha kulipa, akamfanya msaidizi. Mbwana alirudi na mkebe wa sindano na picha ya mtu aliyejaa vitone mwili mzima. Mwanzoni watu wa Changamwe walicheka. Kisha wapagazi wa bandarini walioingia mle wameinama wakaanza kutoka wamenyooka, na kicheko kikakoma.

Lakini Mbwana asingeweza kumshika mke wa mtu bega wala goti. Kwa hivyo, posa yake ilipokubaliwa, alimfundisha Dhahabu. Miezi sita Dhahabu alichoma mapapai. Kisha akachoma miguu yake mwenyewe, kisha Mwanatatu, aliyedai tambuu kila alipochomwa. Na hivi ndivyo walivyofanya kazi: mgonjwa wa kike akishalala, Mbwana aliketi upande wa pili akielekea ukutani, akauliza maswali, halafu akataja mahali. "Vidole vitatu chini ya goti, upande wa nje." Kidole cha Dhahabu kikaenda. "Pana shimo dogo?" "Lipo." "Hapo hapo." Miaka miwili sasa. Hawakuwa wamewahi kugusana hata mkono, lakini sauti ile ilikuwa imeviongoza vidole vyake juu ya miili zaidi ya mia nne, na Dhahabu aliijua kuliko alivyoujua uso wa mwenye nayo. Alijua ilivyokuwa akichoka. Alijua ilivyoshuka kidogo akipendezwa naye.

Sasa ukaja Mfuko. Kampuni ya upakuzi iliuanzisha mwaka huo wa 1961: mfanyakazi anakatwa kidogo kila mwezi, anapewa kadi, na akiugua yeye au mkewe, Mfuko ndio unaolipa. Hospitali zilikuwa kwenye orodha. Daktari wa kampuni, baada ya kuona migongo kumi na mmoja aliyokwisha kuikatia tamaa imerudi kazini, akakubali sindano ziingizwe nazo, kwa majaribio. Mpagazi aliyekuja mara moja na asirudi kwa kukosa cha kulipa angeweza sasa kuja mara kumi, kama mgongo wake ulivyohitaji. Dhahabu alilitaka jambo hilo kama Mbwana alivyolitaka. Asilolitaka lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limesimama mlangoni na faili kwapani.

"Hodi hapa."

"Karibu, Misi," alisema Mwanatatu. "Pita. Mwenye nyumba anakungoja tangu jana."

"Jana?" Karani alicheka. Jina lake Rosalia, Mtaita wa Bura, mwenye meno mazuri na viatu vilivyopigwa rangi. Aliweka faili mezani, akafungua, kisha akatoka na Mbwana uani kuonyeshwa jiko la kuchemshia sindano, kwa kuwa daktari alitaka kujua zinachemshwa vipi.

Fomu ilibaki mezani. Dhahabu alikuwa amesoma madarasa manne, na hakuwa mtu wa kupita karibu na karatasi bila kuisoma.

*Mtoa tiba: Mbwana bin Athumani.* Kwa taipu, safi. Chini yake: *Mtoa tiba wa kike, kwa wake wa wanachama.* Na mbele ya maneno hayo, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wa duara wa mtu aliyefundishwa na masista: *Hakuna.*

Alilisoma mara mbili. Halikubadilika.

Mbwana aliporudi ndani peke yake, alimkuta amesimama kando ya pazia, mkono umekamata marekani.

"Karani anaosha mikono," alisema Mbwana. Alisimama hatua tatu mbali, kama kawaida, na kama kawaida akatazama chini kwanza kabla ya kumtazama. "Leo kuna kazi. Daktari anataka mtu wa ofisini atibiwe, apeleke ripoti. Yeye mwenyewe ana bega, kwa sababu ya kupiga taipu. Utamtibu wewe."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Hakuna," alisema Dhahabu. "Imeandikwa. Hakuna. Sasa asiyekuwako atamtibuje mtu bega, Mbwana?"

Mbwana alitazama fomu, kisha akamtazama yeye. "Umeisoma."

"Iliachwa wazi. Au ilikuwa siri yenu?"

"Si siri. Nitakueleza akishaondoka."

"Kila kitu utanieleza akishaondoka. Chai ya wiki iliyopita utanieleza akishaondoka. Mlichekea nini?"

"Alisema daktari wao alijichoma sindano kidoleni kuona kama inauma, akapiga yowe."

"Wallahi ni kichekesho hasa."

"Kilikuwa," alisema Mbwana polepole. "Wakati ule."

"Mtibu wewe," alisema Dhahabu. "Bega liko nje tayari, huna haja ya kulifunua. Kwenye karatasi ni wewe peke yako."

Rangi ilimpanda Mbwana usoni. Mlangoni, Mwanatatu aliacha kupepeta. "Sijawahi kumshika mwanamke humu ndani," Mbwana alisema, "na sitaanza leo kwa ajili ya karatasi. Ukikataa, nitamwambia arudi kwao na fomu yake, na Mfuko ufe. Sema."

Dhahabu alitaka kusema: aende. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alimkumbuka mke wa Ngowa mpagazi, aliyelala upande wa ndani siku ya Jumanne, akasema kuwa sindano zimemsaidia lakini hatarudi, mume hana. Huyo alikuwa jambo la kweli. Kicheko cha mtu hakikuwa jambo la kweli kiasi hicho, hata kikiuma zaidi.

"Mlete," alisema, akaingia ndani.

Rosalia aliketi juu ya kibao, akafungua vifungo viwili na kuteremsha gauni begani bila haya. Ngozi yake ilikuwa laini. Dhahabu aliitazama kama anavyotazama fundi kazi ya fundi mwingine.

"Wapi panauma?"

"Hapa juu, dada, hadi shingoni. Usiku siwezi kulalia upande huu."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. Mbwana alikuwa ameketi.

"Muulize lile swali," sauti yake ilisema.

Lile swali liliulizwa kwa kila mwanamke mwenye maumivu ya bega, kwa sababu mahali pa kilele cha bega hapachomwi mwanamke akiwa na mimba. Kwa kawaida Dhahabu aliliuliza kwa kuzunguka, kwa heshima, akianza na habari za watoto. Leo alilitoa uchi.

"Una mimba?"

Rosalia aligeuka akamtazama. "Ya nani?"

"Ndiyo nauliza."

"Sina mimba, dada. Sina hata mchumba." Akatabasamu. "Unauliza kwa ajili ya tiba, au kwa ajili yako?"

Mlangoni Mwanatatu alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

"Kwa ajili ya tiba," alisema Dhahabu, akaona masikio yake yanawaka. Aliinua sauti. "Hana."

"Basi ya kwanza mkononi," ilisema sauti. "Kati ya kidole gumba na cha shahada. Upande wa maumivu."

Dhahabu alichoma. Rosalia hakushtuka hata kidogo.

"Ya pili nyuma ya shingo, chini ya fupa la kichwa. Usielekeze juu."

Ya pili ikaingia. Ilikuwa desturi yao kungoja kidogo kabla ya ya tatu, mwili uzoee. Katika kungoja huko wanawake wengi husema mambo. Rosalia naye alisema, kwa sauti ya chini, iliyokusudiwa isivuke pazia.

"Wewe ndiye yeye, siyo?"

"Nani?"

"Mwenye nafasi ile tupu. Niliandika hakuna kwa kalamu ya risasi ili ifutike. Alhamisi zote nimemwuliza, nani anatibu wanawake? Anasema yupo. Namwambia nipe jina. Anasema hawezi kulitaja jina la binti wa watu ofisini mpaka babake aridhie. Amekwenda kwa babako mara tatu. Hukujua?"

Dhahabu aliigusa sindano ya pili kuona kama imekaa sawa. Babake, Mzee Rashid, alikuwa mtu wa kusali msikitini vipindi vitano na wa kusema mara moja. Ilijulikana atakalosema: jina la binti yangu halitoki kwenda kusomwa na wanaume wa bandarini kabla hajaolewa, na haolewi mpaka kakake, Boga, arudi kutoka Tanga. Na kila mwezi, kwa miezi minane, Boga alisema anarudi.

"Muda wangu unaisha leo," aliendelea Rosalia. "Saa sita narudisha fomu. Nafasi ikibaki hivi, wanawake wanaondolewa. Nitakwambia na jingine, maana umenichoma sindano mbili na mkono wako ni mwema, si vizuri nikufiche. Baada ya Alhamisi ya pili nilianza kudhani huyo mwanamke hayupo. Kwamba tabibu ameona haya kusema hana mtu." Alilitazama gauni lililoteremka. "Nikafurahi. Nikanunua gauni."

Aliyasema kama anavyosoma orodha, bila kuomba radhi. Na kwa kuwa aliyasema hivyo, Dhahabu alijua ni kweli yote.

"Ya tatu," ilisema sauti ya Mbwana. "Kilele cha bega. Bana nyama uiinue. Nusu ukucha, usizidi."

Hii ndiyo sindano ambayo Mbwana hakumruhusu kuichoma mpaka mwaka wa pili. Chini ya nyama ile kuna pafu. Mkono ukizidi kidogo, mtu hutoka akitembea, na jioni hawezi kuvuta pumzi. Dhahabu aliibana nyama ya bega la karani kati ya vidole viwili, akaiinua. Gauni la kijani lilikuwa limelala juu ya mkono, jipya, bado lina mkunjo wa dukani.

Aliiweka ncha ya sindano juu ya ngozi.

Aliona wazi kabisa jinsi ambavyo ingekuwa. Si kufikia pafuni, hakuwa mwendawazimu. Ila pembeni kidogo tu, kwenye mshipa, pale panapopiga kama moto hadi kwenye kucha, ili mwanamke huyu apige yowe na upande wa pili lisikike, na asirudi tena na faili lake na meno yake. Nani angejua? Hata mkono mwema hukosea.

Mbwana hakurudia maneno. Hakuuliza kama yuko tayari, wala kiti hakikusogea. Mchele wa Mwanatatu ulikuwa umenyamaza pia.

Rosalia alikuwa amefumba macho. Mshipa wa shingo yake ulikuwa unapiga haraka. Alikuwa anajua hatari yake. Alikuwa amesema yote hayo akijua sindano ya tatu bado, na bado ameketi.

Dhahabu alichoma nusu ukucha. Hakuzidi.

"Imeingia," alisema.

"Ah," Rosalia alisema taratibu, na bega likashuka lenyewe kama mzigo uliotuliwa. "Ah, dada. Miezi mitano."

"Usitikisike."

Dhahabu alinawa mikono katika bakuli, akaikausha kidole kwa kidole. Alipomaliza, moyo wake ulikuwa umekwisha kupanga.

"Wifi."

"Abee," alijibu Mwanatatu, upole wote wa dunia kinywani.

"Ulijua ya babangu?"

"Niliapishwa."

"Nani alikuapisha?"

"Huyo aliyekaa kaelekea ukuta. Alisema ukijua utagombana na mzee kwa ajili yake, naye hataki kuanza ndoa na ugomvi wa wakwe. Nilimwambia ataanza na ugomvi wa mke badala yake. Hakusikia."

Dhahabu aliinua pazia. Miaka miwili hakuwa amelifanya hilo mgonjwa akiwamo. Aliinua kwa kiasi cha mtu mmoja kupita, akatoka, akaliachia nyuma yake ili Rosalia asitirike. Mbwana alisimama haraka. Dhahabu alimpita bila kumtazama, akaenda mezani, akachukua kalamu ya wino iliyokuwa kwenye faili. Neno *hakuna* hakulifuta. Alilikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, kwa herufi za madarasa manne, kubwa na zilizonyooka: *Dhahabu binti Rashid.*

"Babako," alisema Mbwana.

"Wifi atavaa buibui lake sasa hivi aende kwa baba. Shikamoo kwanza. Kisha amwambie jina la binti yake limeshakwenda ofisini, na wanaume wa bandarini wataanza kulisoma Jumatatu. Kama anataka walisome likiwa la mke wa mtu, Ijumaa ni kesho. Boga tutampelekea simu ya upepo huko Tanga."

Mwanatatu alikuwa ameshasimama, ungo chini, buibui kichwani. "Na akinitupia kiatu?"

"Kiokote, umrudishie. Hataweza kwenda kumtafuta kadhi kwa mguu mmoja."

Mwanatatu aliondoka akicheka peke yake njia nzima. Walimsikia mpaka kona.

Baadaye kidogo Dhahabu alirudi ndani, akazitoa sindano, akamfungia Rosalia vifungo viwili yeye mwenyewe, hadi juu. Rosalia alizungusha bega, akalizungusha tena kwa mshangao. Alipoiona fomu mezani aliisoma, akakausha wino kwa karatasi ya kukaushia, akaitia kwenye faili.

"Nitaandika ripoti ya kweli tupu," alisema. "Daktari alisema niongeze matibabu matano. Nije Alhamisi?"

"Njoo Alhamisi," alisema Dhahabu. "Uingilie mlango wa uani."

Rosalia aliinamisha kichwa, kama anayesaini kitu, akaenda zake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wakabaki wawili, kosa ambalo Mwanatatu asingejisamehe. Mbwana alibaki upande wake, Dhahabu akarudi upande wa ndani, na pazia likaning'inia kati yao, kwa kuwa hapo ndipo walipozoea kusemezana.

"Ile ya tatu," ilisema sauti. "Ulikawia."

"Nilikuwa natafuta mahali."

"Mahali pale unapajua umefumba macho."

Dhahabu alizipanga sindano kwenye sufuria moja baada ya nyingine. "Nilitaka kumwumiza," alisema.

"Najua."

"Ulijua, na hukuingia?"

Kiti kilikwaruza. Sauti ilipokuja ilikuwa karibu zaidi, karibu na kitambaa, imeshuka kwa namna ambayo Dhahabu hakuwahi kuisikia.

"Ningeingia, ungejua kuwa sikuamini mkono wako. Ungeniacha siku hiyohiyo, na ungekuwa na haki."

"Kwa hivyo uliniamini."

Mbwana hakuwa mtu wa kusema uongo hata pale ambapo uongo ungempendeza mtu.

"Niliogopa," alisema Mbwana. "Nilikishika kiti kwa mikono miwili nisiinuke. Nikakaa."

Dhahabu aliweka kifuniko juu ya sufuria. Alijaribu kuona vibaya kwamba amemtia hofu kiasi hicho mwanamume aliyewahi kuachwa na meli. Hakuweza. Alifurahi tu, furaha mbaya yenye joto, akakaa nayo pale pale juu ya kibao, sufuria ya sindano mapajani, kabla ya kuipeleka jikoni uani.